Rupia ya Zuwena

Nilikuwa bado mtoto Bibi alipotufundisha kuiogopa sadaka inayorudi. Sisi watu wa Ibra, Omani, tuliotoka Unguja tulikuwa na desturi ya kumzungushia mgonjwa pesa kichwani, kisha apewe maskini aende nayo, na ugonjwa uende naye. "Lakini ikirudi nyumbani," Bibi akisema, "basi tena." Tulimwamini, kwani hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mdogo wangu Zuwena aliposhikwa na homa, Babu alitoka kutafuta gari ya kumpeleka spitali. Bibi hakungoja. Alifungua sanduku la Babu, akatoa noti ya rupia kumi iliyofungwa kitambaani. Kwake rupia ni rupia, alizitumia tangu utotoni. Akaizungusha juu ya kichwa cha Zuwena huku akiomba dua, akamwita mwanamke wa Kibedui aliyekuwa akiuza kuni, akampa.

"Zote hizo, Bibi?" nilimuuliza.

"Sasa nimuombee uhai kwa sarafu ya baisa?"

Zuwena alifariki alasiri ile, gari haijapatikana.

Kesho yake, matangani, yule mwanamke alirudi. Alipoona kilio aliona haya, lakini mkono wenye noti alikwisha kuunyoosha. Alisema kwa Kiarabu, taratibu, kwamba dukani wameikataa.

Usiku Babu alieleza. Wakati wa Vita vya Pili alikuwa dereva wa jeshi la Waingereza huko Burma. Wajapani walipoikalia nchi ile walichapisha rupia zao, wakachukua mpunga na ng'ombe za watu, wakawaachia karatasi. Waliposhindwa, noti zilitupwa njiani, naye akaokota moja.

"Hainunui kitu?" Bibi aliuliza.

"Hata chumvi."

Mimi sikulia. Nilikula wali wa matanga, nikaomba mwingine, na hata leo sijui machozi yangu yalikwenda wapi.

Sasa nina watoto wakubwa kuliko Zuwena, na najua homa ile ilitaka daktari. Bibi alitoa kilicho kikubwa kabisa alichokijua nyumbani, na nia yake ilikuwa ya kweli kama mpunga wa watu wa Burma. Aliishi miaka mingi akiamini alimuomba Mungu uhai wa mtoto kwa pesa mbovu. Hakuna aliyemwambia vingine, si Babu, si sisi. Tangu siku ile, maskini akipiga hodi, Bibi alituita tumpe sisi. Yeye mikono aliificha chini ya kanga.