Makoye Hakuuliza

Kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga pale Kawajense pamebandikwa karatasi: "Usiguse mkanda huu ukiwa unazunguka. Makoye aligusa." Makoye ni mimi. Ukucha haujarudi mpaka leo, na aliyeandika hakuniomba ruhusa.

Aliyeandika ni Marsela, mtunza ghala wetu, mwaka wa kumi na moja sasa. Shule aliishia kidato cha pili, lakini matangazo yake hata mlevi anayaelewa. Mlangoni pa choo ameandika: "Funguo iko kwa Marsela. Jumapili Marsela hayupo. Jumapili jisaidie kwako kabla hujaja." Watu wanacheka, ila Jumapili hagongi mtu.

Mwaka jana chama chetu cha ushirika kikaletewa akili mnemba. Mkulima anatuma ujumbe kwa simu, yenyewe inamjibu, na ikiona kuna kazi inachapa hati kwenye chumba changu cha mashine: koboa gunia la fulani. Kelvin, mtaalamu aliyekuja nayo kutoka Dar, alikuwa na viatu vyeupe na majibu ya kila kitu. Viatu vilidumu siku mbili.

Sasa, huku kwetu mtu akiweka mpunga ghalani haachi kuupitia kuusalimia. "Gunia langu halijambo?" Marsela anajibu halijambo, mtu anaondoka roho nyeupe. Kinara wao ni Thacienne wa Katumba, tunayemwita Mama Gratien. Alikuwa na magunia mawili ya mbegu, kaichagua mwenyewe suke kwa suke. Akaandika kwenye simu: "Habari za asubuhi hapo ghalani. Mmeamkaje? Naulizia gunia langu, naomba mliangalie." Akili mnemba ikachapa hati. Mimi nikakoboa.

Hati haikusema ni mbegu, na mimi sikuuliza. Mpunga uliokobolewa hauoti hata ukiuimbia. Mama Gratien alipokuta mbegu yake imekuwa mchele, hakupiga kelele. Aliuliza kama la pili lipo, kisha akakaa sakafuni. Niliona aibu mpaka nikazima mashine. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu, na lile gunia moja lililobaki ndilo lilikuwa shamba lake lote la mwaka.

Kelvin alieleza kwamba ile akili haijawahi kuona gunia. Imepewa zana, yaani kazi inazoweza kuagiza, kila zana ina maelezo yake, na inasoma maelezo ndipo inachagua itumie ipi. Marsela akaomba ayasome. Zana ya kwanza: "Hupata taarifa za gunia." Ya pili: "Hushughulikia gunia la mteja."

"Kushughulikia ndiyo nini?" akauliza.

"Kukoboa, dada."

"Sasa si ungeandika kukoboa? Kwa maneno haya hata mimi ningeshamaliza mbegu za Katumba nzima. Hebu nipishe hapo."

Akakaa siku mbili, anaandika na kufuta. Kelvin akalalamika kwamba maelezo yamekuwa marefu. Marsela akamjibu kwamba asiyeliona gunia anahitaji kuambiwa zaidi, "na nyie mnaandika utadhani kila neno mnalilipia." Ya kukoboa ikawa hivi:

"Zana hii inapeleka gunia kwenye mashine, mpunga unakuwa mchele. Ukishakuwa mchele haurudi. Itumie pale tu mwenye gunia amesema mwenyewe 'koboa', na gunia lisiwe la mbegu. Akisalimia, akiulizia, akisema liangalieni, hajasema koboa. Tumia zana ya kutazama. Kama hujaelewa, muulize. Makoye hakuuliza."

Niliomba ile sentensi ya mwisho itolewe. Ikabaki.

Wiki iliyofuata nilikwenda kung'olewa jino. Mashineni nikamwacha Thadei, kibarua ambaye ukimpa hati anaweza kukoboa hata hati yenyewe. Natoka zahanati, nakutana na Mama Gratien njiani. "Gunia langu nimeshalisalimia asubuhi kwa simu," akasema. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Nikaanza kukimbia, na yeye akanifuata.

Thadei alikuwa amelala juu ya makapi ya mpunga. Hakuna hati iliyotoka. Mama Gratien akafungua simu yake, akaona jibu ambalo alikuwa hajalisoma: "Tumeamka salama, mama. Gunia lako la mbegu lipo, halijaguswa. Hujasema likobolewe, kwa hiyo sijalikoboa."

Alilisoma mara mbili, kisha akaingia ghalani kulishika kwa mkono, maana hakuamini. Marsela ndiye aliyemfungulia mlango.

Alipotoka nilimwomba msamaha, nusu ya maneno ikitoka na mate. Kisha, kwa kuwa sina akili, nikamuuliza kama ule mchele wa gunia la kwanza ulikuwa mtamu.

"Mtamu sana," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nimeuweka mbegu."