Makopo Mawili kwa Kibuyu cha Samli

Nakumbuka, mwanangu, nilivyotoka dukani Kiomboi siku moja nikitembea kama jumbe, kwa kuwa nilijiona nimemshinda bei Mhindi mwenye duka.

Enzi hizo Mwingereza bado yuko bomani. Mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua, na kwetu mzazi hunywa uji wa uwele wenye samli mpaka nguvu zimrudie. Kiangazi kilikuwa kimekausha maziwa ya ng'ombe. Mama, kule Ulemo, alibakiwa na kibuyu kimoja tu cha samli, akanituma nikipeleke kwa kaka. Nikapitia dukani. Kumbe kuna mafuta ya kopo kutoka ng'ambo, meupe, magumu, na kopo lina picha nzuri.

"Kopo kwa kibuyu," akasema mwenye duka.

"Mawili," nikasema.

Akakubali upesi. Mfanyabiashara akikubali upesi, mwanangu, kimbia. Mimi nilicheka.

Nilipofika kwa kaka, shangazi, aliyekuwa akimuuguza mzazi, alifungua kopo moja, akachota tonge la mafuta yale, akaliweka juu ya jiwe juani, akaendelea kupepeta uwele. Baadaye akaniita. Tonge lilikuwa limekaa vilevile.

"Samli ingekuwa imeshalowesha jiwe. Hili linangoja nini?"

"Shangazi, ni ya kisasa. Halafu nimepata mawili."

"Ungepata kumi ungetuua wote. Huyo mwenye duka, kwake anapikia nini?"

Sikuwa nimeuliza. Mzazi alikuwa ndani, ananyonyesha, hajala.

Nikarudi dukani mbio na makopo yangu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mke wa mwenye duka alikuwa akichota kwenye kibuyu chetu.

"Ya kopo ni ya kuuza, bwana," mwenye duka akaniambia bila hila. "Samli ni ya watoto wangu."

Alichukua makopo yake, na shati langu jipya kuwa fidia ya kopo lililofunguliwa, akanirudishia kibuyu kimepungua. Sikuomba nyongeza. Jioni ile mzazi alikunywa uji wake.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Leo madaktari wanasema mafuta yanayogandishwa kiwandani huziba mishipa ya moyo, nanyi mliosoma mnageuza pakiti ya biskuti kutafuta bei tu. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Geuzeni tena, msome kilichomo. Palipoandikwa mafuta yaliyogandishwa, rudisheni mlipoitoa. Alizeti inakamuliwa hapahapa Singida, mnataka nini tena? Muuzaji mwulizeni anawalisha nini wanawe. Wala msiishie jikoni kwenu. Wabaneni wakubwa wayapige marufuku viwandani, maana mtoto hajui kubishana na biskuti.

Mungu awajalie mioyo mizima, mzeeke mpaka wajukuu wenu wachoke kuwasikiliza, kama mnavyonichoka mimi.