Umeniandika Bure

Naikumbuka siku moja ya Dubai kila nikikuona umeinamia simu ukipiga hesabu za keki zako, mwanangu. Wewe unadhani mama anasinzia kwenye kochi. Sisinzii. Niko mbali, kwenye klabu ya shabaha nje kidogo ya mji, nimeshika ndoo ya maganda ya risasi, na mzee mmoja wa Kizanzibari amesimama mbele yangu amenuna.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi niliyokuwa nikifanya huko. Nyanya yako alikuwa akiwaambia watu wa kanisani kwamba niko ofisini, nami nikamwachia, maana angejua mwanawe anashinda katikati ya bastola angefunga na kuomba hadi nirudi. Wageni walikuja na pesa zao, wakaziba masikio, wakapiga karatasi yenye duara, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mimi nilikaa kaunta kuwaandikisha. Jioni wakiisha kuondoka, nilipiga magoti na brashi na ndoo kuokota maganda ya risasi zao, maana hayakutupwa. Yalipelekwa chumba cha nyuma kwa Mzee Kombo.

Mzee Kombo alikuwa na kazi moja, kuyajaza upya maganda yale. Anayasafisha, anatia fataki mpya pale chini panapopigwa, anatia baruti, anafunga kichwa juu, na risasi iliyokwisha kulia inakuwa tayari kulia tena. Klabu ilikuwa na kibali cha serikali na ufunguo wa chumba kile haukutoka mkononi mwake. Alifika Dubai akiwa kijana, na nilipomkuta mimi alikuwa anaukaribia uzee, kofia ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono, haimtoki kichwani. Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimuudhi. Nikisema "hiyo maganda," alijishika kichwa.

"Hayo maganda, Bi Mwende. Hayo! Nyie wa bara mtaniua na lugha yenu hii."

Lakini alinipenda, nami nilimpenda. Huko wakati ule tulisali Ijumaa hata sisi Wakristo, maana Jumapili ilikuwa siku ya kazi. Nikitoka kanisani naye akitoka msikitini, tulikutana kwake Al Twar, kwenye fleti ndogo ya chumba na sebule, mkewe Bi Rahma ametutengea mkate wa kumimina wenye iliki na chai ya tangawizi. Wewe nilikuwa nimekuacha kwa nyanya yako, na Bi Rahma aliniuliza habari zako kila wiki kwa jina. Alijua meno yako yaliyong'oka kabla sijayaona mwenyewe. Mtu akikufanyia hivyo ugenini, humsahau, na hata sasa nikinusa iliki namwona yeye.

Basi asubuhi moja Sir, yaani meneja wetu, aliniita. Arbab, mwenye klabu, alikuwa amemwuliza kwa nini wanahangaika na chumba cha kujaza risasi wakati boksi za kiwandani zinauzwa, na ukiagiza nyingi unapunguziwa bei. Sir akaniambia nipige hesabu, kwa kuwa aliona sikosei chenji.

"Yalla, Mwende. Uniambie ipi ni bei nafuu. Kama ni ya kiwandani, chumba khalas, nakifunga."

Alisema vile akitafuta ufunguo wa gari mfukoni. Mimi nilirudi kaunta nikimfikiria Mzee Kombo. Huko visa ya mtu ni kazi yake. Chumba kikifungwa, Mzee Kombo hana kazi, na asiye na kazi anafunga mizigo. Alikuwa anarudi wapi? Unguja aliyoiacha akiwa kijana, ambako aliowajua walikuwa wamekufa au wamehama. Na Bi Rahma miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari wake yuko hapo hapo karibu na nyumbani.

Nikaamua hesabu itoke vizuri. Sikukusudia kudanganya, usinitazame hivyo. Kila nilichoandika kwenye ubao mweupe nyuma ya kaunta kilikuwa kweli. Nikaandika bei ya baruti. Nikaandika bei ya fataki. Nikaandika bei ya vichwa. Mbele ya maganda nikaandika "bure," kwa sababu si yalikuwa yanaokotwa sakafuni tu? Nikajumlisha, nikagawanya, risasi moja ya kujazwa ikaja karibu na nusu ya bei ya ile ya boksi. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikamkimbilia Mzee nikamvuta mkono aje aone.

Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Nilingoja anishukuru.

"Sasa mimi hapa mbona sipo?" akauliza.

"Hauko namna gani, Mzee?"

"Baruti naiona. Fataki naziona. Anayetia baruti yuko wapi? Anayepima moja moja yuko wapi?"

"Lakini Mzee, si wewe uko na mshahara? Hiyo watakulipa tu, ujaze ama usijaze."

"Mshahara wangu unakwisha alasiri, Bi Mwende. Mimi hutoka humu ndani Magharibi imeshaadhiniwa. Saa zile ananilipa nani?" Akagusa ubao kwa kidole, pale nilipoandika lile neno moja. "Na haya maganda, yamejiokota? Kila siku nakuona umepiga magoti hapo na ndoo, ukiinuka unashika kiuno kama bibi kizee. Umeniandika bure mimi, na wewe mwenyewe umejiandika bure."

Mwanangu, unajua katika Kiswahili chetu neno hilo lina pande mbili. Kitu cha bure ni kile usicholipia, na mtu akiitwa bure kabisa ni kwamba hana maana. Mimi niliandika nikiwa na maana ya kwanza. Yeye alisoma zote mbili, na uso wake ulikuwa na uchungu ambao sijauona tena kwake, hata baadaye alipofikwa na msiba.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Sir ametishia kufunga chumba. Nikamweleza kwamba nikiweka saa zake zote na zangu, boksi la kiwandani litashinda, naye atarudishwa. Nilikuwa nalia, sikufichi. Nikamsihi aniache nipeleke hesabu ilivyo.

Akanivuta kiti. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mwezi uliotangulia, jioni, baada ya saa za kazi, macho yamemchoka, alijaza risasi moja baruti kupita kiasi. Aliikuta kwenye mizani kabla haijafika kwenye bastola ya mtu. Ingefika, mkono wa mgeni ungekwenda, na labda na jicho.

"Nilichoka kwa saa ambazo hamna anayezijua," akasema. "Sir hazijui. Arbab hazijui. Na wewe unipendaye unataka kuzificha tena. Futa, mwanangu. Andika ilivyo."

"Na wakifunga chumba?"

"Wafunge. Bora nirudi kwetu nikiwa nimehesabiwa."

Nilifuta. Nikaanza upya, yeye akinitajia na mimi naandika: saa zake za kusafisha, za kujaza, za kupima, saa zangu za kuokota, na thamani ya maganda yenyewe, ambayo yalinunuliwa mara ya kwanza yakiwa risasi za boksi, hata kama sasa yako sakafuni. Nilipojumlisha, risasi yetu ikawa ghali kuliko ya kiwandani. Si kwa tofauti kubwa, lakini ghali ni ghali. Nikamwita Sir.

Sir alikuja, akasoma, akakunja uso.

"Nani amekwambia uweke saa?"

Kabla sijafungua mdomo Mzee Kombo akasema, "Mimi, Sir." Kisha, kwa Kiingereza chake cha polepole, akaeleza yote, hata habari ya ile risasi. Nilidhani amejimaliza mwenyewe. Sir akachukua kitambaa akajifuta shingo, akaondoka. Tulikaa juma zima tukingoja, na nikwambie kwamba Ijumaa ile mkate wa kumimina ulibaki sahanini.

Jibu lilipokuja lilikuwa hivi: wageni wa kupita watapigia risasi za boksi. Wanachama wa mashindano, ambao wanataka kila risasi ifanane na mwenzake, wataendelea kujaziwa na Mzee Kombo, na watalipia zaidi. Tena chumba kifungwe alasiri, asibaki mtu humo hata kwa dakika. Sikumsikia Sir akimwomba Mzee radhi kwa miaka yote iliyopita, lakini nadhani usiku alikuwa akiiota ile risasi.

Kwa hiyo Mzee akaanza kurudi nyumbani jua likiwa bado juu. Akimchukua Bi Rahma wanatembea polepole hadi kwenye bustani ndogo ya mtaa, wanakaa, wanawasengenya majirani, wanarudi. Walikaa hivyo majira mawili ya baridi. Ya tatu hayakumkuta Bi Rahma.

Nilikwenda msibani. Wanaume walipopungua, Mzee aliniona mlangoni akaniita. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Zile alasiri, Bi Mwende," akasema. "Tungeziandika bure, nisingekuwa nazo."

Baadaye kidogo alirudi Unguja, kwa hiari yake, akaishi kwa mpwa wake. Tulipigiana simu kila Ijumaa, akinisahihisha sarufi, mpaka simu ikawa haipokewi.

Na mimi je? Siku ile ya ubao nilirudi kaunta na lile neno kichwani. Nikamwambia Sir kwamba maganda yataokotwa ndani ya saa za kazi au yatalala sakafuni. Alinung'unika sana, akakubali. Hukulijua hili, mwanangu. Kabla ya siku ile nilikuwa nikifika chumbani nikipiga simu nyumbani, na nyanya yako ananiambia, "Amelala, alikungoja." Kila siku amelala, alikungoja. Baada ya siku ile ndipo ulipoanza kunisomea vitabu vyako kwenye simu, ukikwama kwenye maneno marefu. Saa nilizokuwa nikiziandika bure zilikuwa zako.

Jana umenionyesha hesabu yako. Unga, mayai, siagi, gesi, boksi la kubebea. Ukasema keki yako itauzwa nusu ya bei ya ile ya supamaketi kwa kuwa unaoka mwenyewe. Nimekutafuta humo ndani, mwanangu, sikukuona. Nyanya yako naye alisuka viondo maisha yake yote akitaja bei ya katani peke yake, ndiyo maana nakushika mapema.

Sisemi usioke. Wala sisemi cha kiwandani ndicho bora. Wale wa mashindano walilipa zaidi kwa mkono wa Mzee Kombo na hawakujuta. Nasema kabla hujatamka kwamba chako ni bei nafuu, jiweke kwenye hesabu. Weka mgongo wako, macho yako, na jioni zako. Ukiona hesabu imekuwa kubwa, usiogope na usijipunguze ili ipendeze. Atakayekuwa tayari kuilipa atakuja, na asiyekuwa tayari akanunue ya supamaketi kwa amani. Na ukitaka kumpa mtu muda wako bila malipo, mpe, hata maisha yako yote ukipenda, kama mimi nilivyo tayari kukupa. Lakini umpe ukijua ni kiasi gani unampa.

Basi nenda ukaoke. Mungu aibariki mikono yako, ayalinde macho yako na uchovu, akupe wateja wanaokuona, na jioni akurudishe kwa unaowapenda kabla hawajalala.