Breki ya King'ora

Hospitalini walimwita King'ora. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya king'ora cha gari la wagonjwa alilokuwa akiendesha. Alilipata kwa sababu king'ora chenyewe kilikufa na hakuna aliyekitengeneza, ikawa yeye ndiye anayetoa kichwa dirishani na kuwapigia watu kelele: "Pisheni, nina mtu anakufa humu!" Watu walipisha. Inasemekana siku moja mgonjwa aliinuka kwenye machela akauliza ni nani huyo anayekufa.

Kisha kisukari kikamkuta. Kilianza na kidonda cha kiatu kwenye kidole cha mguu wa kulia, naye akakidharau kama alivyodharau kila kitu kisichotoa damu nyingi. Kikaishia kwenye msumeno, chini kidogo ya goti. Waliomkata ni wale wale aliowapelekea wagonjwa miaka yote, na wote walimjua kwa jina. Hilo halikumfariji hata kidogo. Mguu wa kushoto walimwachia, lakini ulikuwa umekufa ganzi; ungeumwagia maji ya moto asigeuze shingo. Dereva aliyezoea kulisikia gari kwa nyayo akabaki hana unyayo hata mmoja wa kumwambia kitu.

Msimamizi wa magari, mtu mpole asiyependa kuonekana mbaya, alikuja kumjulia hali nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya hospitali: vyumba viwili nyuma ya chumba cha dobi, vya wafanyakazi tu.

"Kuna gari dogo linakuja, la msaada," alisema. "Kila kitu mkononi: mpini mmoja, ukiusukuma ni breki, ukiuvuta ni mafuta. Litapeleka damu na dawa kwenye zahanati. Ukilimudu kwenye majaribio, kazi ni yako. Usipolimudu, mama..." Akatazama dari, ambayo nayo ilikuwa ya hospitali. Wote watatu waliokuwa chumbani walimaliza sentensi hiyo kimoyomoyo.

Wa tatu alikuwa mumewe, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule hapo hapo barazani. Yeye alimwita mkewe Dereva, na mkewe alimwita Fundi, na hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao ya kusikika.

Sasa mtu atajifunzaje gari ambalo halijafika? Jibu lilitoka kwa shemeji, mdogo wake Fundi, mchomeleaji wa mageti mwenye maneno mengi kuliko mageti.

"Shemeji, mimi nitakutengenezea gari humu humu chumbani."

"Utalitolea mlango gani?"

"Halitoki. Ni la kwenye kompyuta. Ule mchezo wa mashindano ya magari."

Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Lakini wahenga hawakuwahi kuona mchezo unaotafutiwa kazi, kwa hiyo hapa tuwaache wapumzike.

Hakuna kilichonunuliwa kipya. Kompyuta ilitoka kwenye duka la kuchapa barua lililofungwa, nayo ikiwashwa ilinguruma kwanza kwa kujihurumia. Usukani wa plastiki na pedali zake vilikuwa vya mtoto wa daktari mmoja, aliyekwisha kuvichoka. King'ora aliuza redio yake kubwa ili avipate. Kiti kilikuwa cha basi lililopinduka, kutoka kwa wauza vyuma chakavu, na shemeji aliapa kwamba aliyekuwa amekikalia alitoka salama. Meza aliitoa Fundi. Alikuwa na cherehani ya zamani iliyokufa ambayo alikuwa amekataa kuizika. Sasa aliifungua kichwa, akaondoa na kikanyagio cha chini, akamkabidhi mdogo wake ile stendi ya chuma.

Kazi ngumu haikuwa usukani, ilikuwa King'ora mwenyewe. Kwenye kiti angefikaje? Shemeji alikisimamisha ubavuni mwa kitanda, kimo sawa na godoro, akakikata mkono wa upande mmoja, akalaza ubao katikati na kuusugua kwa mshumaa. King'ora akajisukuma kwa mikono, akateleza. Mara ya kwanza aliteleza kupita kiasi akagonga ukuta, na akatangaza kuwa hiyo ndiyo ajali yake ya kwanza tangu apate leseni. Pedali zilifungwa chini ya meza na kuungwa kwa vyuma na mpini mmoja upande wake wa kushoto. Kusukuma, breki, kuvuta, mafuta. Stendi ilipotikisika, shemeji alichomelea pau ya chuma kuunganisha miguu ya mbele ya stendi, chini kidogo ya usawa wa magoti. Meza ikatulia tuli.

Niseme wazi: alifurahi. Tangu hospitali alikuwa amelala ameutazama ukuta, na sasa Fundi barazani alisikia ile sauti ya zamani ikitukana magari ya kwenye kioo cha kompyuta.

"Wapite, shemeji," mchomeleaji alimhimiza. "Hayo ni mashindano."

"Niwapite kwenye kona? Wewe leseni ulipewa na nani?"

Akawa wa mwisho siku nyingi, kwa kiburi. Halafu mkono ukaanza kuelewa. Kona zikaja, naye akausukuma mpini mapema, taratibu, akauvuta tena akitoka, mpaka shemeji akanyamaza, jambo ambalo si la kila siku. Akaanza kumaliza wa tatu, wa pili. Fundi alimwona ananyoosha nywele kabla ya kuketi kwenye usukani na hakusema kitu, asije akaharibu.

Kasoro ilikuwa moja. Kila mara gari la mbele likiteleza ghafla na kukingama njiani, King'ora aliligonga.

"Breki imekataa," alisema.

Shemeji akabadilisha springi. Breki ikakataa tena. Akakaza vyuma, akatia grisi, akabadilisha na waya. Kwenye kona breki ilikuwa kama asali, na kwenye hatari ikakataa. "Mpini huu una shetani," shemeji alisema, akatupa spana chini.

Wakati huo huo kigutu kikaanza kuvilia damu. Fundi ndiye aliyekishonea soksi, kwa vipande vya sare za shule vya rangi ya buluu nzito, ndani akatia pamba laini. Jioni akikivua kukisafisha alikuta alama nyekundu mbele, kisha ngozi ikachubuka. Kwa mtu mwenye sukari, mchubuko si jambo la kupuuza. Muuguzi wa vidonda alisema maneno machache tu: kikichimbika, watakata tena, juu ya goti.

Fundi alijilaumu mwenyewe. Alishona soksi upya, akahamishia mshono nyuma. Alama ikarudi. Akaongeza pamba. Ikarudi. "Kikulacho ki nguoni mwako," King'ora alimtania, lakini Fundi hakucheka, maana nguo ilikuwa yake.

Mafundi wana njia yao. Nguo ikimsugua mteja mahali pasipojulikana, hupaka chaki pale panaposhukiwa, mteja hutembea kidogo, halafu chaki husema yenyewe. Asubuhi moja, kabla mkewe hajateleza kwenye kiti, Fundi alipiga magoti na kupaka chaki nyeupe kila chuma kilichokuwa karibu na miguu yake. Hakumwambia. Alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akangoja.

King'ora aliendesha vizuri asubuhi ile. Alikuwa wa pili. Gari la mbele likashika ukingo, likageuka, likakingama.

Mguu wake wa kulia ukakanyaga. Ndivyo alivyohisi yeye: unyayo mzima, vidole vyote vitano, pedali ikishuka chini yake mpaka mwisho. Hakuwahi kukanyaga breki vizuri hivyo. Kisha maumivu yakapanda mpaka kiunoni, na kioo kikajaa vumbi la ajali.

"Imekataa tena," alisema, akainama kujishika. Hapo ndipo alipoona mstari mweupe, umenyooka kama wa rula, umekatiza mbele ya soksi. Akautazama muda mrefu. Kisha akatazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado umeukamata mpini kwa nguvu zake zote, na mpini ulikuwa umevutwa nyuma. Mafuta. Mpini haukuwa na shetani. Hakuna aliyekuwa ameusukuma.

Fundi naye alikuwa ameona. Alikuja akapiga magoti, akaufuta ule mstari kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta doa kabla mwenye nguo hajafika.

"Ni mshono," alisema. "Nimekosea mshono. Nitaushona upya."

Katika maisha yao yote King'ora alikuwa amemsikia akigombana na wateja, akirudisha nguo, akifumua suruali nzima kwa kosa la uzi mmoja. Hakuwahi kumsikia akiutukana mshono usio na kosa.

"Mshono wako mzuri, Fundi," alisema. "Paka tena."

Alipaka. Siku ile na siku zilizofuata alipaka, na King'ora alikuwa akiuambia mkono kwa sauti: sukuma, sukuma, sukuma. Akijua kinachokuja, mkono ulitii. Asipojua, mguu uliwahi. Shemeji aliiondoa ile pau kwa kuhofia kigutu, mguu ukawa unapiga hewa, na mkono ukazidi kuvuta. Mazoea yana taabu. Mguu uliozikwa na hospitali ulikuwa mwepesi kuliko mkono ulio hai.

"Gari la damu halikimbii," Fundi alisema usiku mmoja taa ikiwa imezimwa. "Na barabara za zahanati hazina watu wengi."

"Zina wa kutosha."

"Na nyumba, Dereva?"

King'ora alimchukia kidogo kwa swali hilo, na alijichukia zaidi kwa kuwa alikuwa amejiuliza lile lile siku nzima. Mashine ya Fundi ilikuwa barazani, wateja wake walikuwa wauguzi na watoto wao. Kuhama hapo ni kumhamisha naye kutoka kwenye riziki yake. Alimsikia akihema gizani, akajua halali.

Asubuhi alichukua magongo yake akaenda ofisi ya magari. Gari dogo lilikuwa limefika. Lilikuwa uani, jeupe, bado na nailoni kwenye viti, na mbele yake yalikuwa yamepangwa mapipa ya majaribio. Msimamizi alimtolea kiti akitabasamu.

"Unayaona mapipa, mama? Unazunguka, unarudi, unasimama kwenye mstari. Wewe hiyo kwako ni chai."

"Hiyo naiweza."

"Nilijua."

"Lakini sitafanya." Akamweleza yote, kigutu, chaki, mkono, bila kupamba. Msimamizi alisikiliza, akapangusa miwani yake.

"Mapipa unayaweza au huyawezi?"

"Nimesema nayaweza."

"Basi tatizo liko wapi? Mimi naandika nilichokiona."

"Mzee, pipa halikimbilii mpira barabarani."

Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakipiga bati. Msimamizi aliposema tena, aliongea polepole, kama anayemsogezea sahani. "Sina kazi nyingine ya kukupa. Unajua. Na nyumba wameshaniulizia watu wawili."

"Najua."

"Hakuna atakayejua, mama."

"Mimi nimeshajua," alisema King'ora. Akatafuta magongo yake, na moja likaanguka, na wote wawili wakainama kuliokota, na kwa aibu hiyo ndogo mazungumzo yakaisha.

Msimamizi aliamuru arudishwe nyumbani kwa lile gari lake la zamani la wagonjwa, ingawa ni mwendo mfupi tu wa kuzunguka ua na kupita barabarani. Sasa liliendeshwa na binti aliyekuwa amemfundisha yeye mwenyewe. King'ora alipandishwa kiti cha mbele, upande wa abiria, ambako hakuwa amewahi kukaa. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa yeye. Hata king'ora walikuwa wamekitengeneza.

Walipotoka langoni, baiskeli yenye mzigo wa magodoro iliibuka kutoka kichochoroni bila mwendeshaji kutazama. Binti alifunga breki. Gari lilisimama palepale, kwa heshima, nafasi ikabaki hata ya mtu kupita. Kigutu cha King'ora kilikuwa kimeshapiga chuma cha chini ya kioo cha mbele, na soksi ya buluu ikaanza kulowa taratibu.

"Samahani, mama. Nimekuumiza?"

"Hukuniumiza. Umefunga vizuri."

Aliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umelala pajani, umefunguka, haukuwa na habari ya baiskeli wala ya magodoro. Mwenye baiskeli alinyanyua kiganja kushukuru, akaendelea na safari yake.

"Tusubiri kidogo ukae sawa?" binti aliuliza.

"Endesha, mwanangu," alisema. "Fundi ananingoja. Tuna vitu vya kufungasha."