Chakula cha Mwenye Kahawa

Juzi mtoto wa kaka yangu alikamatwa hapa Hamugembe na simu ya jirani, kaichukua dirishani. Vijana wa mtaa walimpiga makofi, baba yake akamalizia kwa mkanda. Baadaye akaniambia huku anatabasamu, "Shangazi, si wameshanichapa? Yameisha." Neno hilo liliniuma, rafiki yangu, maana baba yake alikuwa akisema vilevile tulipokuwa wadogo kule kijijini Kimwani.

Msimu wa kahawa ulipofika, buni zilianikwa uani kwenye mikeka, harufu yake ikatufuata hadi shuleni. Kaka alichota za jirani, akaenda kubadilisha na maandazi dukani. Mwalimu alipopata habari alimchapa, naye akarudi nyumbani anapiga mluzi. Kwake fimbo ndiyo ilikuwa bei ya andazi, tena bei nafuu. Hazikupita siku nyingi akachota tena.

Safari hii bibi yetu alimshika mkono mpaka kwa jirani. Mimi nikafuata nyuma. Nipitwe na jambo kama lile? "Waitu, ndugu yangu, nimekuletea mwizi wako," bibi akasema, akaondoka zake. Jirani, mama mjane mwenye watoto wadogo, hakumgombeza. Yeye na kaka walitandaza nyasi kwenye migomba asubuhi yote, na mchana akamkaribisha mkekani. Akampakulia ndizi na maharage yeye kwanza, kabla ya wanawe.

"Kula, mwanangu. Umechoka."

Kaka yangu, ambaye fimbo hazikuwahi kumtoa chozi, alilia tonge likiwa mkononi. Watoto wa mwenye kahawa walikuwa wakimtazama, wakisubiri zamu yao. Kuanzia siku ile hakugusa tena cha mtu. Nadhani ndipo alipojua kahawa ile ilikuwa chakula cha nani.

Jana nikamchukua mwanawe twende kwa mwenye simu. Kaka hakunizuia, mkono wake ulikuwa umechoka kuchapa. Nilishapanga: atafua, atafyeka, atachota maji, chochote atakachoambiwa. Geti likafunguliwa kidogo. Yule mama hanijui hata jina, ingawa tumetenganishwa na ukuta tu.

"Simu nimeshaipata, mama. Nendeni tu, sitaki matatizo."

Geti likafungwa. Nilisimama pale nimemshika mtoto mkono, nikaona uchungu kweli. Bibi hakuwa na maarifa ya ajabu. Alikuwa na jirani wa kumpelekea mwizi, na mimi sina.