Jeupe, au la Kahawia

Jina la muuzaji wa magari ninalo. La barabara aliyokuwapo ninalo, hata la mbwa aliyelala mlangoni mwa ofisi yake ninalo, maana alimwita mara tatu. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo yangu nayaweka kichwani na hayatoki. Lakini humu simtaji mtu. Aliyekosa anajijua.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku Marekani, theluji imeanza kuyeyuka. Nilikuwa nimepata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee kule Oakdale, nianze Jumatatu saa moja asubuhi. Basi la kunifikisha huko saa hiyo halikuwapo. Msimamizi aliniuliza neno moja tu: una gari? Nikasema ninalo. Sikuwa nalo. Nilikuwa na leseni, tena niliipata safari ya tatu baada ya kuangushwa mara mbili, na nilikuwa na siku nne za kutafuta gari.

Mwanangu akasema kazi ya nini. "Mama, si ukae nyumbani upumzike?"

Kupumzika kwenyewe kulikuwa kupika, kuogesha wajukuu, na kungoja mtu arudi anipeleke dukani. Nilikuwa nimepumzika hivyo miaka miwili.

"Baba," nikamwambia, "nimechoka kupumzika. Nipeleke kwenye magari."

Akanipeleka Roseville, kwenye uwanja mdogo wa magari yaliyotumika. Muuzaji akatoka na kikombe cha kahawa, akauliza tunataka nini. Mwanangu alipofungua mdomo nikamtangulia. Nikamwambia yule bwana kwa Kiingereza changu kwamba natafuta saluni, ndogo, isiyokunywa sana.

Akanitazama. Akatazama kilemba changu. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yenye taa za bia dirishani, akasema hawajafungua bado, nirudi saa sita.

Mwanangu akacheka hadi akashika boneti ya gari la watu. Kwetu gari dogo lenye buti nyuma ni saluni, kila mtu anajua. Kumbe kwa Wamarekani saluni ni kilabu cha pombe! Mimi, mzee wa kanisa, nimeomba baa, tena ndogo.

"Mama, niachie niseme mimi," akasema huku anafuta machozi.

"Sema. Lakini nitakayeendesha ni mimi."

Tulionyeshwa mawili, bei moja, kwa hiyo bei haikuwa ya kutusaidia kuchagua. La kwanza jeupe, limeoshwa linang'aa, lina redio ya kaseti, na viti unatamani ulale. La pili la kahawia, kutu imetapakaa juu ya tairi, kioo cha pembeni kimefungwa kwa utepe. Lilipowashwa lilikohoa kwanza, ndipo likakubali.

"Hilo ni mkweche," mwanangu akasema. "Watu wetu wakiliona Jumapili pale nje ya kanisa watasema nimemnunulia mama yangu mkweche."

"Hujaninunulia kitu. Hela ni yangu."

Yeye na muuzaji wakainama kwenye injini ya lile jeupe, wakaongea ya wanaume. Mimi nikazunguka. Nikainama penye mlango wake, nikagonga kwa konzi. Juu likalia nge. Katikati, nge. Chini likasema bu.

Nikarudia. Bu.

Nimezaliwa Uvinza, kwenye chumvi. Mama yangu alichemsha maji ya chumvi kwenye makarai ya chuma, na mimi nikiwa mgongoni. Chumvi inalitafuna karai kutoka chini, na watu wakitaka kukuuzia bovu wanaziba matundu kwa udongo na kupaka masizi. Tulifundishwa kugonga kabla ya kununua. Karai zima linalia. Lililozibwa linaguna. Na barabara za huku wanazimwagia chumvi kipindi kizima cha baridi, kama wanapika mboga.

Nikachukua ufunguo wa nyumba, nikausukuma pale palipoguna. Ukazama. Rangi ikabanduka, kikaanguka kipande cha udongo mgumu kama gamba la mkate, na ndani nikaona ardhi.

Muuzaji akaja mbio, uso mwekundu. Mwanangu akawa katikati, akitafsiri huku jasho linamtoka.

"Mama, anasema umeliharibu, lazima ulichukue."

Nikaokota kile kipande, nikakiweka juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni andazi.

"Mwambie achukue gari lake, hicho ndicho lilichozibiwa matundu. Mwambie pia anionyeshe pa kugonga tena. Ninayo siku nzima."

Sijui alitafsiri yote. Muuzaji alikitazama kile kipande, akamfokea mbwa wake bure, akaingia ofisini. Ya kunilazimisha kulichukua hakuyasema tena.

Nikaligonga la kahawia lote, mlango kwa mlango. Kutu yake ilikuwa nje, kila mtu anaiona, lakini lilikuwa linalia nge mpaka chini.

"Nachukua hili."

"Mama, likikufia njiani?"

"Nitashuka nilisukume."

"Sikiliza, mama yangu." Sasa alikuwa hachezi. "Likikufia hata mara moja, unaacha kazi. Unakaa na watoto. Tumekubaliana?"

"Hatujakubaliana. Likifa nitalitengeneza, likifa tena nitapanda basi mpaka mwisho wake, nitembee. Wewe si baba yangu, nakuita tu."

Halafu, bila mimi kumwomba, akaenda kukaza ule utepe wa kioo.

Usiku wa kuamkia Jumatatu theluji ikaanguka tena, ya mwisho mwisho, nzito. Mkwe wangu ndiye aliyenihadithia. Anasema mumewe aliamka saa kumi na mbili na nusu, akavaa koti na viatu vya theluji, akatoka na funguo zake ili anipeleke yeye, nitake nisitake. Alikuta uwanja wa nje ya nyumba wote mweupe, isipokuwa mahali pamoja, pembe nne, lami nyeusi kavu, urefu wa gari. Akasimama hapo kidogo na funguo mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshafika Oakdale, nimekaa ndani ya gari, nangoja wafungue mlango.