Siku Wenzangu wa Gereji Walipokuja Kunipa Pole

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Mimi ni fundi wa magari katika gereji moja ya mtaa wa Asiatique, na pale nilijulikana kwa mdomo. Mwenzetu Hamisi aliposema kwamba humfulia mke wake nguo, nilimcheka mchana kutwa. Nikamwambia mwanaume hashiki nepi.

Kisha mke wangu, Zaina, akajifungua. Mama yake alikuwa aje kutusaidia kutoka Ruziba, lakini risasi zililia huko kusini na barabara ikafungwa. Nikabaki mimi. Gerejini nikatuma habari kwamba nina malaria.

Siku ya tatu nilikuwa uani, nimejifunga kitenge cha Zaina, mtoto mgongoni, ninafua. Mlango ukagongwa. Nikadhani ni jirani aliyeniahidi sabuni.

"Ingia, mama! Zimebaki nepi tu!"

Wakaingia mafundi watano na machungwa ya mgonjwa. Wanne walicheka hadi wakakaa chini. Hamisi hakucheka. Alinizunguka polepole, akatazama mgongo wangu.

"Kaka, mutoto umemufunga mubaya," akasema. "Geuka nikuonyeshe."